Utulivu Tunaousifu

Filamu iitwayo Sometimes I Think About Dying, iliyoongozwa na Rachel Lambert na kuonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2023, haina kelele wala kisa kikubwa. Jina lake ni maneno ya mtu anayekiri kwamba mara nyingine hufikiria kufa, na yamkini jina hilo peke yake litawafanya wengi waipite. Sisi tumeitazama, tukaona inazungumzia jambo lililomo majumbani mwetu, nalo halisemwi.

Kisa kiko Astoria, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Oregon, Marekani, pahali pa mvua na ukungu ambapo mto Columbia unakutana na bahari. Fran, anayeigizwa na Daisy Ridley, ni mfanyakazi wa afisi. Hufika kwa wakati, hufanya kazi yake barabara, hamkosei mtu. Wenzake wakipiga soga, yeye husikiliza kwa mbali. Jioni hurudi kwake, akala peke yake, akalala. Na mchana, akiwa mezani pake, mawazo humchukua akajiona yu maiti, amelala msituni juu ya majani mabichi, au ufukweni penye mawimbi. Lililotushitua ni kwamba picha hizo zimepambwa kuliko maisha yake ya kweli. Tulizoea kudhani kuwa mwenye huzuni nzito ni yule anayelia. Fran halii. Amechoka, na kifo kinamjia kwa sura ya mapumziko. Hapo ndipo penye hatari.

Lau Fran angekuwa binti wa mtaa wetu, tungemsifu. Hazururi, hana makuu, hujibu kwa staha. Harusini hujificha jikoni akikuna nazi, huku wenziwe wako ukumbini. Siku ya Idi, wageni wakibisha hodi, hujifungia chumbani. Mamake angewaambia majirani: mwanangu ni mtulivu, ana haya.

Haya ni sehemu ya imani, na hapo hatupunguzi neno. Lakini haya humzuia mtu na lisilofaa. Hofu tunayoizungumzia humzuia hata na linalomfaa: kumwamkia shangazi yake, kuuliza bei dukani, kuhudhuria darsa analolipenda. Binti mwenye haya akikaa na wapenzi wake hufunguka, akacheka, akatania. Huyu mwingine hata mbele ya mamake mzazi huwa kama mgeni. Tena usiku hapati usingizi akirudia neno moja alilolisema asubuhi, akijilaumu kwa nini alilisema. Mzazi aitazame tofauti hiyo kabla ya kusifu.

Na pindi siri inapofichuka, mara nyingi huambiwa imani yake ni haba. Neno hili limewaumiza wengi. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika kwa kumkosa Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Qur'ani imelisimulia hilo bila ya kumvua daraja yake. Nani atathubutu kusema kuwa imani ya Yaaqub ilikuwa haba? Wanazuoni wetu nao hawakulipuuza jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomvaa mtu bila ya yeye kujua chanzo chake. Na hii ya pili akaihesabu kuwa ina asili mwilini, nayo yahitaji tiba ya mwili. Ni zaidi ya miaka elfu moja sasa. Dua na uradi ni nguzo zetu, wala hazijapata kugombana na daktari.

Turudi kwa Fran. Afisini anakuja mfanyakazi mpya, Robert, mcheshi, mwenye kuuliza vijambo vidogo: wapenda chakula gani, wafanya nini ukitoka kazini. Urafiki wao wanavyouendesha si wa adabu zetu, na hatuisifu filamu kwa ajili ya hayo. Ila tumejifunza kitu katika maswali yake. Fran hujibu kwa neno moja, na siku moja Robert anapozidi kutaka kumjua, anamchoma kwa maneno makali. Ndivyo afanyavyo mwenye kuogopa kuonekana. Humfukuza yule yule anayemhitaji.

Kinachomfungua hatimaye si mawaidha. Anapita mkahawani kuwanunulia wenzake vitumbua vya kizungu, anamkuta Carol, mwenzake aliyestaafu kwa furaha akitarajia safari ya melini na mumewe. Mume amepatwa na kiharusi, na safari imekufa. Carol hamwulizi Fran kwa nini hasemi, wala hampi ushauri. Anamweleza dhiki yake mwenyewe, kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima. Fran anatoka pale, anaomba msamaha kwa Robert, na kwa mara ya kwanza anayatamka yale aliyoyaficha. Robert hatoi hotuba.

Kina mama wanaotusoma wana nafasi ambayo sisi wa mimbarini hatuna. Jikoni, wakati wa kupembua mchele, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani, binti husema asiyoyasema akiitwa kikao. Akisema kwamba hutamani kufa, asikemewe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hofu ya polisi iliyowafanya watu wafiche mambo haya nayo imepungua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba.

Filamu yenyewe ni ya saa moja na nusu hivi, nayo haiwafai watoto. Na aliye katika huzuni hiyo kwa sasa asiitazame peke yake usiku. Akitaka kuiona, basi na akae na dadake.