Mjusi wa Milia Si Adui wa Mkulima

Katika mashamba ya mahindi yaliyo kandokando ya Eldoret, wakati wa mavuno, aghalabu mjusi mdogo hukurupuka chini ya mabua yaliyolundikwa. Mara jembe huinuliwa, kwa kuwa wengi husadiki ya kwamba mjusi ang'aaye ana sumu kama nyoka. Imani hiyo si kweli. Mijusi wa jamii hii hawana sumu kamwe, na yafaa watazamwe kabla ya kupigwa.

Hutambulikana kwa magamba laini yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kwa shingo nene iliyo karibu sawa na kichwa. Mjusi kafiri, akaaye nyumbani, ni mwingine: ngozi yake haing'ai, naye huwinda usiku, ilhali hawa huota jua mchana.

Wa kwanza ana milia miwili, ya manjano au myeupe, itokayo kichwani hata mkiani juu ya mgongo wa kahawia. Hupenda kuta, nyua na magogo. Wataalamu humwita Trachylepis striata. Vitabu vya zamani, kama orodha ya Arthur Loveridge ya mwaka 1957, vilimwita Mabuya striata. Wa pili, Trachylepis varia, ni mdogo kuliko huyo, na mstari wake mweupe hupita ubavuni, si mgongoni. Wa tatu, Panaspis, ni mwembamba zaidi, nao makao yake ni majani makavu. Huyo hawezi kufumba macho, hivi kwamba hukodoa kama nyoka.

Jambo liwapotoshalo watu ni mkia. Mjusi akikamatwa na paka huuacha mkia ukirukaruka, naye akakimbia. Mkia mwingine huota, lakini aghalabu huwa mfupi na wa rangi nyingine. Kwa hiyo asitambuliwe kwa mkia, bali kwa mgongo, ubavu na jicho.

Tena, yule wa milia miwili hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai. Amwuaye jike mwenye mimba ameua na watoto wake kwa pigo moja. Chakula chao ni panzi, nyenje, mchwa na wadudu wengine wa shambani. Mkulima amwachaye mjusi huyo juu ya ukuta wake amejipatia mlinzi asiyedai mshahara.