Nafasi ya Kuingia Masomo ya Uhandisi: Hesabu Yake Hufanywaje?

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa rasmi kati ya Kigongo na Busisi katika Ghuba ya Mwanza. Kabla ya hapo abiria na magari yaendayo Sengerema na Geita kwa njia hiyo yalivushwa kwa kivuko. Kazi kubwa kama hii huwafanya vijana wa kandokando ya Ziwa Victoria watamani uhandisi, na wanapofika kidato cha tano au cha sita swali lao huwa moja: mwanafunzi ana nafasi gani ya kuchaguliwa?

Wengi hulijibu swali hilo kana kwamba uchaguzi ni bahati nasibu. Wengine huamini kwamba aliyefikia sifa zilizotangazwa amekwisha kupata nafasi. Fikra zote mbili zina kasoro, na hisabati ya kawaida yatosha kuonyesha kasoro hizo.

Sifa na ushindani

Katika miaka ya 1960, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, shahada ya uhandisi ilitolewa Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Leo shahada hizo hutolewa pia na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine. Hata hivyo, kila programu ina idadi maalumu ya nafasi, kwa kuwa maabara, karakana na wahadhiri havitoshelezi watu wasio na kikomo.

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, sharti la chini la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ni ufaulu wa gredi E au zaidi katika masomo mawili yanayohusika, yenye jumla ya pointi 4. Gredi A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa programu nyingi za uhandisi masomo hayo mawili ni Hisabati ya Juu na Fizikia, na baadhi ya programu huongeza masharti ya Kemia.

Basi mwanafunzi mwenye D mbili ana pointi 4, naye amefikia sharti. Lakini mwenye A na B ana pointi 9, naye ameomba programu ile ile. Tuseme programu ina nafasi 60, na waombaji wenye sifa ni 600. Haisemwi kwamba kila mmoja ana nafasi moja katika kumi. Waombaji hupangwa kwa ubora wa matokeo, na orodha hukatwa pale nafasi zinapojaa. Wa juu ana uhakika karibu kamili. Wa chini hana matumaini makubwa. Sharti la chini humruhusu mtu kusimama katika mstari tu. Mahali pake katika mstari huo huamuliwa na pointi zake.

Thamani ya alama moja

Katika mtihani wa kidato cha sita gredi A huanzia alama 80, B alama 70, C alama 60, D alama 50 na E alama 40. Mwanafunzi mwenye alama 78 za Fizikia na 58 za Hisabati hupata B na D, yaani pointi 6. Kama angeongeza alama mbili katika kila somo, angepata A na C, yaani pointi 8. Alama nne zingempandisha pointi mbili. Kwa upande mwingine, mwenye alama 71 akifikia 78 ameongeza alama saba, lakini pointi zake ni zile zile. Kwa hiyo matokeo ya mitihani ya majaribio yasomwe kwa makini. Yafaa mwalimu amwonyeshe mwanafunzi umbali uliobaki hadi gredi inayofuata, badala ya kumwambia tu kwamba afanye bidii.

Uwezekano hubadilika kwa hatua

Mlango wa uhandisi huanza kuwa mwembamba mapema. Katika mitihani ya kidato cha nne kati ya mwaka 2020 na 2024, aliyefaulu Hisabati alikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya wanne au watano.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi 200 wa kidato cha nne. Tuseme 50 wanafaulu Hisabati. Kati yao 10 wanaingia tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Kati ya hao 8 wanafikia sifa, na 4 wanapata nafasi ya uhandisi. Kwa kundi zima uwezekano ni 4 kwa 200, yaani asilimia 2. Kwa waliokwisha kuingia PCM ni 4 kwa 10, yaani asilimia 40. Mwanafunzi ni yule yule, ila amevuka hatua. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza huko Ukerewe au Magu hushiriki katika kuwapata wahandisi sawasawa na mhadhiri wa chuo.

Maombi matatu si bahati tatu

Mwombaji huweza kuomba zaidi ya chuo kimoja, na akichaguliwa katika vyuo vingi hana budi kuthibitisha kimoja. Wengine husema: ikiwa kila ombi lina uwezekano wa asilimia 20, maombi matatu yatafikisha karibu asilimia 49. Hesabu hiyo hutokana na kuzidisha 0.8 mara tatu, kupata 0.512, na kuitoa katika 1. Ni sahihi iwapo maombi hayategemeani. Lakini maombi haya hutegemeana, kwa kuwa cheti ni kile kile na washindani huwa karibu wale wale. Aliyekosa programu moja yenye ushindani mkali yaelekea atakosa nyingine mbili zinazolingana nayo.

Njia ya busara ni kuchanganya: ombi moja la programu yenye ushindani mkubwa, jingine la programu ya wastani, na jingine ambalo sifa za mwombaji zinalizidi kwa wazi. Uhandisi wa umwagiliaji, wa nguo au wa mitambo ya meli ni uhandisi kamili, na mkoa wenye ziwa, pamba na vivuko unauhitaji.

Njia ya stashahada

Aliyemaliza kidato cha nne aweza pia kusoma stashahada ya ufundi kwa miaka mitatu, katika vyuo kama DIT au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha akaomba shahada akiwa na wastani usiopungua 3.0. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini mwanafunzi hufika chuo kikuu akiwa ameshika zana kwa mikono yake.

Kuchaguliwa si mwisho wa jambo, maana ada na chakula vyahitaji fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi yake kwa utaratibu na tarehe zake yenyewe. Mwenye pointi 9 aliyechelewa kuomba mkopo aweza kushindwa kwenda chuoni. Kwa hiyo walimu wa kidato cha sita wawasaidie wanafunzi kukusanya vyeti vya kuzaliwa na nyaraka nyingine mapema. Kazi hiyo haihitaji maabara, nayo huokoa nafasi iliyokwisha kupatikana kwa jasho.