Kulaza Bustani Kabla ya Baridi

Katika nchi ya Ubelgiji mwaka una majira manne. Mwezi wa sita na wa saba, wakati watu wa Katanga wanapoota moto asubuhi, kule ni joto. Lakini tangu mwezi wa tisa siku huwa fupi, jua hupungua nguvu, na majani ya miti huwa ya manjano na kupukutika. Majira hayo huitwa vuli. Baada yake huja baridi kali, na kwa miezi mitatu bustani hazioteshi karibu kitu. Chakula cha miezi ile hutegemea kazi iliyofanywa wakati wa vuli.

Baridi huuaje mmea?

Ndani ya kila jani mna maji. Maji yakiganda huwa barafu, na barafu hutaka nafasi kubwa kuliko maji: vikombe 100 vya maji hujaza vikombe 109 hivi vya barafu. Ndiyo sababu chupa iliyojaa maji na kuzibwa hupasuka ikigandishwa. Katika mmea, barafu hunyonya maji ya jani na kuharibu nyama yake. Usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda, unatosha. Jioni maboga na maharagwe ni mabichi. Asubuhi majani yake ni meusi na malegevu, kama yaliyopikwa.

Mmea uliolala hauumizwi upesi. Baridi huua zaidi mmea ulio macho. Hayo yalionekana mwaka 1956 kusini ya Ufaransa. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa joto, na mizeituni ikaanza kuamka. Mwezi wa pili baridi kali ikaja ghafula. Mizeituni mingi ikapasuka na kufa, hata ile ya miaka mingi. Mingine tu ikachipuka tena toka shinani.

Basi, kazi ya mtunza bustani ni kulaza kila kitu kwa wakati wake.

Kazi ya kwanza: kuweka akiba

Viazi huchimbuliwa kabla udongo haujaganda. Huwekwa katika chumba cha chini ya nyumba, mahali penye giza, maana viazi vikipata mwanga huwa vya kijani na vyenye sumu. Karoti hukatwa majani, kisha hupangwa sandukuni: safu ya mchanga, safu ya karoti, tena safu ya mchanga. Wazee husema: akiba haiozi. Lakini karoti yenye kidonda cha jembe huoza, na huozesha jirani zake. Hiyo huliwa kwanza.

Shu ndogo za Bruxelles, zisizopita ukubwa wa ndimu, huachwa nje. Wakati wa baridi shu hizo hujitengenezea sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Kwa hiyo baada ya jalidi huwa tamu zaidi.

Kazi ya pili: kulaza mizizi

Maua ya dahlia yalitoka Meksiko. Mizizi yake ni minene kama viazi, nayo haiwezi kuvumilia udongo ulioganda. Jalidi ya kwanza ikiisha kuyachoma majani, shina hukatwa, mizizi huchimbuliwa, hukaushwa, na hulazwa ndani ya nyumba. Hurudishwa bustanini jalidi zikiisha kupita.

Mboga moja hulazwa, kisha huamshwa gizani. Ni witloof, kwa Kiflamandi maana yake ni jani jeupe. Watu wa karibu na Bruxelles walianza kuilima hivyo katika karne ya 19. Wakati wa vuli mizizi yake huchimbuliwa na majani hukatwa. Kisha mizizi husimamishwa katika udongo mahali penye giza na joto kidogo. Huchipuka majani yaliyofungana, meupe kwa sababu hayakuona jua. Hivyo watu hula mboga mpya, na nje theluji imefunika bustani.

Kazi ya tatu: kulaza udongo

Udongo mzito wa mfinyanzi hulimwa na kuachwa mabonge makubwa. Maji yaliyo ndani yake yakiganda huyavunja mabonge kuliko jembe. Lakini udongo mwepesi hauachwi uchi, maana mvua huosha chakula chake. Mkulima hupanda haradali mara baada ya mavuno. Jalidi huiua, nayo huanguka na kuufunika udongo kama blanketi. Majani ya miti hayachomwi; hurundikwa miguuni pa mimea, ama hutupwa katika shimo la mboji.

Katanga hakuna theluji, lakini kiangazi nacho hulaza bustani. Mkulima anayefunika matuta yake kwa majani makavu mwisho wa mvua hukuta udongo bado una unyevu. Anayechoma majani yale hukuta vumbi. Kila nchi ina majira yake magumu, na kila mahali kazi yake ni kabla hayajafika.

Maulizo

1. Kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka ikigandishwa?
2. Kwa nini mizeituni mingi ilikufa mwaka 1956?
3. Viazi huwekwa mahali gani? Kwa sababu gani?
4. Ni nini kinachofunika udongo wa bustani ya shule wakati wa kiangazi?