MAUMIVU YA MGONGO HUWEZA KUTOKA ZIZINI

Mfugaji mmoja alifika zahanati akiegemea fimbo. Kwa majuma mengi alikuwa na homa za jioni, jasho jingi usiku na maumivu ya kiuno. Tulipima, hakuwa na malaria. Nilimpa dawa za maumivu mara mbili, hakupona. Kosa langu ni kwamba sikumwuliza habari za mifugo. Nilipomwuliza, alisema ng'ombe wake wawili walitupa mimba, naye aliwatoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Tena hunywa maziwa mabichi.

Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Huko alipimwa damu na kupigwa picha ya mgongo. Alikuwa na brusela. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka kwa mnyama, na huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo. Kifua kikuu cha mgongo hufanana nao sana, kwa hiyo usikisie. Pima.

Matibabu ni dawa za aina zaidi ya moja, kwa miezi 3 au zaidi. Usiziache upatapo nafuu. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukizuilika, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kumbuka:
1. Chemsha maziwa.
2. Usishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo.
3. Mweleze mganga habari za mifugo yako, hata asipokuuliza.