JOSEPH LAGU: ASKARI ALIYETOKA MSITUNI AKATAWALA JUBA

Kuanza vita kwaweza kuwa jambo la siku moja. Kuwatoa watu vitani ni kazi ya miaka. Ukweli huo wadhihirika katika maisha ya Joseph Lagu, askari aliyepata kuiongoza Serikali ya Sudan ya Kusini mjini Juba, kabla nchi hiyo haijagawanywa chini ya magavana.

Lagu alizaliwa mwaka 1931 katika nchi ya Wamadi, kusini ya Juba. Alisoma Rumbek, kisha akaingia Chuo cha Kijeshi cha Omdurman, na mwaka 1960 akawa ofisa wa jeshi la Sudan. Mwaka 1963 aliliacha jeshi hilo akaingia msituni. Wapiganaji wa huko waliitwa Anya-Nya, jina lenye maana ya sumu ya nyoka kwa Kimadi. Kwa miaka mingi walikuwa makundi yasiyosikilizana; kufikia mwaka 1971 Lagu alikuwa amewaweka wengi wao chini ya amri moja. Ndipo Serikali ya Khartoum ilipopata mtu wa kupatana naye.

Mkataba ulifikiwa Addis Ababa mwezi Februari 1972, na tarehe 27 Machi ukathibitishwa mbele ya Mfalme Haile Selassie. Kusini ilipewa serikali yake ya ndani, makao yake Juba. Wakimbizi walianza kurejea kutoka Uganda na Zaire, wake na watoto wakarudi kwenye mashamba yaliyokwisha kumezwa na pori.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kambini. Mkataba uliagiza jeshi la Kusini liwe na askari 12,000: nusu wenyeji, nusu kutoka sehemu nyingine za Sudan. Watu waliowindana jana walitakiwa kula chakula kimoja na kulinda lango moja. Lagu mwenyewe alivaa tena sare ya jeshi alilolikimbia, safari hii akiwa meja jenerali. Hata hivyo, amri huchanganya vikosi upesi kuliko inavyochanganya mioyo: mwaka 1975 askari wa Akobo waliasi.

Mwaka 1978 Lagu alichukua uongozi wa Baraza Kuu la Utendaji kutoka kwa Abel Alier, mwanasheria. Utawala wake haukudumu. Mwaka 1980 Rais Nimeiri alilivunja Bunge la Kusini, na Alier akarejea madarakani. Lagu akawa mtetezi wa kuigawa Kusini, akiona kwamba watu wa Ikweta wamefunikwa na kabila kubwa la Wadinka. Wapinzani wake walisema kugawanyika ni kudhoofika. Mjini Juba jambo hilo liliitwa kwa Kibari kokora, yaani mgawanyo.

Mwezi Mei 1983 askari wa Bor waliasi. Tarehe 5 Juni, Nimeiri, ambaye Lagu alikuwa Makamu wake wa Pili, aliigawa Kusini kuwa mikoa mitatu, kila mmoja na gavana wake. Serikali iliyozaliwa na mkataba wa Addis Ababa ikafa, na mmoja wa waliouthibitisha alikuwa ameunga mkono mgawanyo huo. Vita vilivyofuata vilidumu hadi Januari 2005.

Kwa haki, Lagu akumbukwe kwa yote mawili: miaka kumi na moja ya amani aliyosaidia kuileta, ambamo watoto wengi walizaliwa bila kusikia bunduki, na mgawanyo alioutetea. Askari huapa kuilinda nchi. Lakini amani nayo yahitaji walinzi, na zamu yao haina mwisho.