Riwaya za Kisayansi Zenye Falsafa: Kweli au Uongo?

Taja riwaya hizi kwenye kijiwe chochote cha wasomaji Morogoro mjini, na madai haya hukosi kuyasikia.

"Lazima uwe umesoma fizikia." Uongo. Chukua Dune ya Frank Herbert, iliyotoka 1965. Vyombo vya angani vimo, ila mwandishi hashughuliki sana na injini zake. Anachokieleza kwa kina ni maji. Sayari ya Arrakis haina mvua. Wenyeji wake, Wafremen, huvaa suti inayochuja jasho na mkojo wao wapate kunywa tena, na mtu akifa, maji ya mwili wake ni mali ya kabila. Hapo ndipo maswali yanapoanza: maji ni ya nani, na nabii akitokea jangwani, atawakomboa watu au atawaponza? Anayeishi chini ya Uluguru hahitaji digrii kuyaelewa hayo. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unaanzia milimani humo. Huko huko Wazaramo walikuwa wakipanda kwenye mzimu wa Kolelo kuomba mvua, na mwaka 1905 jina la Kolelo likaingia katika habari za Vita vya Maji Maji. Maji na unabii, kabla Herbert hajazaliwa.

"Kiswahili hakina riwaya za namna hiyo." Uongo, tena unaoudhi. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo aliyehukumiwa kufa anarushwa angani na chombo, akaibukia katika jamii yenye usawa. Shaaban Robert naye alishaiweka nchi nzima angani katika Kusadikika, 1951.

"Kitabu chembamba ni chepesi." Uongo mkubwa kuliko yote! Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi unaweza kuzimaliza kwa siku moja, halafu ukabaki unajiuliza umesoma nini. Hazikupi mwaka wala ramani, na anayetafuta kisa kinachonyooka atazitupa.

"Zinachosha." Hili ni kweli, hasa mwanzoni. Dune inakumwagia majina na vyeo bila kukueleza, ingawa mwishoni ina faharasa. Usiikimbilie kwa kila neno geni. Mengi yatajieleza mbele ya safari.

Kwa asiyewahi kuzigusa, ushauri wangu ni huu: anza na Walenisi, kisha Dune. Nagona iache ya mwisho, na uisome mara mbili.