403: Daftari la Bawabu wa Tovuti

Msomaji mpenzi, je, umewahi kubonyeza kiungo ukapokewa na nambari 403, ati huna ruhusa? Wengi husema tovuti imeharibika. La hasha! Tovuti i nzima kama kigongo. 404 ndiyo husema, "hicho sinacho." 403 husema, "nimekusikia, lakini sikupi."

Mimi ni mmoja wa wanaotunza tovuti ya shule yetu, iliyojengwa kwa WordPress. Ndani yake tumeweka plagini ya usalama, yaani programu ndogo inayopachikwa juu ya nyingine. Hiyo ndiyo bawabu wetu. Lakini bawabu wa kufukuza tu hatoshi. Sharti aandike aliyemfukuza. Kila ikitoa 403, plagini yetu huandika saa, anwani ya IP ya mgeni, ukurasa alioutaka na jina la kivinjari chake. (Jina hilo usiliamini sana. Roboti yeyote aweza kujiita Googlebot!)

Muhula uliopita mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa akiweka maswali ya marudio kuhusu hifadhidata. Kila akibonyeza, 403. Mtihani nao uko mlangoni! Wenzangu wakataka plagini izimwe. Tukafungua daftari kwanza. Kumbe maswali yale yalikuwa na amri za SELECT na UNION, ambazo wadukuzi hupenda kuzipenyeza ili waibe data, basi bawabu akamshika mwalimu akidhani ni mwizi. Mistari michache chini yake, jamaa mwingine alikuwa ameomba faili ya wp-config.php mara 11. Faili hiyo ndiyo yenye nywila ya hifadhidata. Huyo hakuja kutafuta maswali ya marudio, wewe! Tukampa mwalimu ruhusa kwa ukurasa ule mmoja, plagini ikabaki kazini.

Na yule jamaa je? Kufungia anwani si mchezo. Katika mitandao ya simu watu wengi huweza kutumia anwani moja ya IP. Ukimfungia mmoja, huenda umewafungia nje wazazi wanaotafuta tarehe ya kufungua shule. Tulimfungia kwa saa 24 tu.

Tena, plagini huandika yale tu yanayoifikia. Mtu akilalamikia 403 na daftari halina habari zake, huenda amekatazwa na seva yenyewe kabla hajamfikia bawabu. Hapo mwombe anayewakodishia seva akuonyeshe daftari lake.